UZI: Lugard, kapteni aliyeupata ugavana kwa wino kuliko kwa risasi

Mpekuzi wa Kale (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mjadala wa ukoloni Afrika Mashariki ukifika Uganda, lazima atokee mtu aseme "Lugard aliiteka Buganda". Nimechoka kujibu kwa mistari miwili, leo naandika yote. Hoja yangu naiweka mapema ili anayetaka kunipinga asisubiri mwisho: Frederick Lugard hakuwa jemadari mkubwa. Vita vya kwanza alivyoviongoza Afrika alishindwa, vya pili alisaidiwa, na vile alivyoshinda kweli alipigana na watu wenye mishale na farasi. Kilichomfikisha kwenye kiti cha ugavana ni kuandika. Ripoti, mikataba, makala magazetini, barua kwa wakubwa. Jamaa aliandika kama mtu anayelipwa kwa neno.

Alizaliwa Madras, India, tarehe 22 Januari 1858. Baba yake alikuwa kasisi, si tajiri. Hilo lishikeni, kwa sababu katika jeshi la Malkia Victoria afisa asiye na fedha za nyumbani alikuwa na shida: gharama za mesi, farasi na sare zilikuwa juu ya mshahara. Ndiyo maana maofisa wengi wa aina yake walikimbilia India, ambako mshahara ulitosha na vita vidogo vidogo havikosekani. Lugard alipita Sandhurst mwaka 1878, akaingia rejimenti ya Norfolk, akapelekwa Afghanistan, Sudan mwaka 1885, kisha Burma. Mwaka 1887 akapata nishani ya DSO. Mpaka hapo ni afisa mzuri wa kawaida, wa aina yake wapo mamia.

Kilichomtoa kwenye reli ni mapenzi. Kuna mwanamke aliyempenda India, akamwacha. Kapteni akavurugikiwa hasa: usingizi hakuna, afya imekwenda, kazi haifanyiki. Akaomba likizo, akapanda meli kwa nauli ya watu wa chini, akaanza kutafuta vita vya kujiingiza. Alijaribu kwa Waitaliano kule Massawa waliokuwa wakipambana na Wahabeshi, hawakumtaka. Akateremka pwani hadi Msumbiji, akasikia kuna kampuni ya Waskoti inapigana na wafanyabiashara wa utumwa kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Akaenda.

Naendelea na Karonga, msiondoke.

---

Kijana wa Mbagala

Naweka kambi hapa. Kwa hiyo mkuu unataka kusema Uganda ilitawaliwa kwa sababu ya demu wa India? 😂

---

Mpekuzi wa Kale

Usiniwekee maneno mdomoni 😄. Kampuni ya Mackinnon, yaani Imperial British East Africa (IBEA), iliyompeleka Uganda baadaye, ingempeleka mtu mwingine tu. Lakini namna mambo yalivyokwenda ilitegemea aina ya mtu aliyepelekwa.

Karonga, 1888. Aliyekuwa anapigana na ile kampuni ya Waskoti, African Lakes Company, ni Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, mwenye boma lake karibu na ziwa. Vitabu vya Waingereza vinasema "Waarabu", ila wengi wao walikuwa Waswahili na Wanyamwezi. Lugard akapewa amri ya kikosi cha mchanganyiko: Wazungu wachache wasio wanajeshi na mamia ya Waafrika waliokuwa na hasira zao na Mlozi.

Juni 1888 wakashambulia boma alfajiri. Boma lenyewe ni miti iliyosimamishwa, ikakandikwa udongo na kuzungushiwa miiba. Lugard akiwa anatafuta pa kupandia, risasi moja ikampata mkono wa kulia, ikapita ikikwaruza kifua, ikamalizikia mkono wa kushoto. Risasi moja, mikono yote miwili. Akarudishwa nyuma akivuja damu, shambulio likavunjika. Vipande vya mfupa viliendelea kutoka kwenye kidonda kwa muda mrefu, na mkono wa kushoto ukabaki na kasoro.

Mwaka uliofuata wakaletewa mzinga. Wakaufyatua kwa matumaini makubwa, na makombora yakawa yanatoboa ukuta wa udongo yanapita upande wa pili, boma limesimama vilevile. Mlozi alibaki pale mpaka Desemba 1895, kamishna wa Kiingereza Harry Johnston alipokuja na nguvu kubwa zaidi, akamkamata na kumnyonga.

Kwa hiyo Lugard alishindwa. Lakini aliporudi Uingereza mwaka 1889 alikuwa na kitu cha kuandika: afisa mwenye majeraha, aliyepigana na biashara ya utumwa kwa hiari yake. Makala yakatoka. Wakubwa wakamjua. Kushindwa Karonga kulimlipa kuliko ushindi wote wa Burma.

---

Mstaarabu

Mpekuzi, nakuheshimu, lakini hapa unambana mtu wa watu. Biashara ya Mlozi ilikuwa ya kweli. Watu wa Wankonde walichomewa vijiji. Mtu aliyekwenda kupigana na hilo bila mshahara mnono anastahili angalau neno moja zuri. Au kwa kuwa ni Mzungu basi kila alichofanya ni hila?

---

Mpekuzi wa Kale

Mkuu Mstaarabu, neno zuri nampa. Mlozi aliwafanyia Wankonde unyama mkubwa sana, na Lugard alichukia utumwa kwa dhati, si kwa maonyesho. Mwaka 1890 akiwa kwenye Kampuni ya IBEA alitengeneza mpango kwa watoro wa mashamba ya Malindi waliokuwa wamejificha kwenye vijiji kama Fuladoyo: wafanye kazi ya Kampuni, walipwe, wajikomboe kwa fedha zao wenyewe. Angalia lakini alivyopanga. Bwana mwenye watumwa hapotezi, mtumwa anapata uhuru kwa jasho lake, Kampuni inapata vibarua wa kufyeka njia ya Sabaki. Kila mtu ametulizwa na serikali haijatoa hata senti. Akili hiyo hiyo utaiona Nigeria.

Na kwa waliowahi kwenda Tsavo Mashariki: yale maporomoko ya mto Galana, ambao karibu na pwani ndio huo Sabaki, maji yanapopita kwenye mawe yenye michirizi, mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Ni njia hiyo hiyo.

Sasa safari ya Uganda. Aliondoka pwani Agosti 1890 na wapagazi Waswahili, askari wachache wa Kisudani na Kisomali, na bunduki moja ya rashasha ya Maxim iliyokuwa imechakaa. Mtu wake wa karibu alikuwa Msomali, Dualla Idris, mkalimani aliyewahi kufanya kazi na wapelelezi wa nchi Stanley na Teleki. Ukisoma shajara za Lugard unaona bila Dualla nusu ya mambo yasingefanyika.

Oktoba akafika Dagoretti, akajenga boma na kula kiapo cha undugu wa damu na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa huko. Akamwachia boma George Wilson, akasonga.

---

Mtoto wa Kiambu

Hapo kwa Waiyaki usipite mbio. Huo undugu wa damu ulidumu miaka miwili tu. 1892 maofisa wa Kampuni walimshika Waiyaki, wakampiga, wakamfunga, wakampeleka pwani, akafia Kibwezi njiani. Huku kwetu wazee wanasimulia alizikwa akiwa hai. Ndugu yake wa damu alikuwa wapi?

---

Mpekuzi wa Kale

Asante mkuu. Waiyaki alikamatwa Agosti 1892, wakati Lugard ameshatoka Uganda na yuko njiani kuelekea kwao. Baadaye aliandika wazi kwamba ugomvi wa Dagoretti uliletwa na misafara ya Kampuni yenyewe: wapagazi na askari waliopita wakiiba mazao mashambani, hakuna wa kuwadhibiti. Amewasifu Wakikuyu kwa uaminifu. Lakini kuandika ndiyo kulikuwa kazi yake, si kumfufua Waiyaki.

Kampala sasa, na hapa mnisikilize vizuri.

Alivuka Nile bila kusubiri ruhusa ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Tarehe 18 Desemba 1890 akaingia mji mkuu, na badala ya kupiga kambi alipoelekezwa, akajichagulia kilima mwenyewe, kile tunachoita leo Old Kampala. Siku nane tu baadaye, tarehe 26, alikuwa na mkataba umesainiwa. Namna ulivyosainiwa ameisimulia mwenyewe bila aibu: Mwanga alichukua kalamu kwa kinyongo, akaitupia karatasini ikaacha doa la wino. Lugard akamlazimisha arudie, aweke alama ya msalaba. Na doa hilo na msalaba huo ndiyo ukawa "mkataba wa hiari" uliosomwa London.

---

Omuganda wa Masaka

Ssebo, umeeleza vizuri, niongeze kidogo. Mwanga hakuwa mjinga. Aliogopa. Watu wake walikuwa wamegawanyika: Bafransa ni Wakatoliki, Bangereza ni Waprotestanti, na Waislamu walikuwa wamefukuzwa wakawa mpakani na Bunyoro. Kila upande una bunduki. Lugard alipoingia, Bangereza walimwona ni wao.

Vita vya Mengo vilikuwa 24 Januari 1892. Chanzo ni ugomvi wa bunduki, Mprotestanti akauawa, Kabaka akaamua muuaji hana kosa. Lugard akadai mtu huyo auawe, Kabaka akakataa. Ndipo Lugard akagawa bunduki za Kampuni kwa Waprotestanti, mamia. Wakatoliki walikuwa wengi, lakini Maxim ilivunja mashambulizi. Kabaka akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe, wakamfuata huko na Maxim, watu wakafa majini, akina mama na watoto. Yeye akapita Buddu mpaka Kiziba, kwa Wajerumani wa Bukoba. Wakatoliki wakapewa Buddu. Ndiyo maana kwetu Masaka mpaka leo ni Katoliki tupu.

---

Mpekuzi wa Kale

Mwanangu wa Masaka umemaliza kazi. Nyongeza yangu ni moja: Ufaransa ililalamika kwa ajili ya mapadre wake, na mwaka 1898 serikali ya Uingereza ililipa fidia ya pauni 10,000. Waliozama Bulingugwe hawakupata kitu.

Kabla ya vita hivyo, mwaka 1891, alikuwa amefanya jambo ambalo athari yake wengi humu mnaishi nayo bila kujua. Alikwenda magharibi hadi Kavalli, karibu na Ziwa Albert, kuwatafuta askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri huko. Njiani alimrudisha Kasagama kwenye kiti cha Toro. Kule alimkuta Selim Bey, mkubwa wa askari hao, mzee mnene, mkaidi, anayesema yeye ni askari wa Khedive, mtawala wa Misri, na hatatoka bila amri ya Khedive. Wakaelewana. Askari walikuwa kama 600, lakini na wake, watoto, watumwa na wafuasi, msafara ulipita watu 8,000. Hebu fikirieni msafara huo unapita kwenye mashamba ya watu. Akawapanga kwenye ngome za mpaka wa Toro na Bunyoro, bila mshahara wa maana, wajilishe wenyewe. Mnajua askari mwenye bunduki akiambiwa ajilishe mwenyewe hufanya nini.

Mwaka 1897 walewale wakaasi. Kazi nyingi, safari zisizoisha, malipo duni yanayochelewa.

---

Wa Kibera

Hao ndio mababu zetu. Wanubi wa Kibera na wa Bombo tunatokana na askari hao na wenzao. Babu zetu wakaingia KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), wakapewa Kibera kama ardhi ya jeshi mwaka 1918, zaidi ya ekari 4,000. Tukakaa karne nzima bila hati. 2017 ndipo tukapewa hati ya ekari 288. Endelea mkuu, nasoma.

---

Kijana wa Mbagala

Dah. Ekari 4,000 mpaka 288.

---

Mpekuzi wa Kale

Wa Kibera, karibu sana, na nikikosea kwenye ya Wanubi nisahihishe.

Sasa sehemu ya wino. Katikati ya 1892 Kampuni haina fedha, inataka kuiacha Uganda. Lugard akaondoka mbio kwenda Uingereza, akafika Oktoba, na miezi iliyofuata akafanya ziara za mihadhara mji kwa mji, akiwaambia wafanyabiashara kuna soko, wamisionari kuna roho za kuokoa, wanasiasa kwamba Wafaransa na Wajerumani wanasubiri mlangoni. Mwaka 1893 akatoa kitabu cha juzuu mbili kuhusu alichofanya. Wakati huo huo watu wanamshutumu kwa Mengo, naye anajibu kurasa kwa kurasa. Mwaka 1894 Uganda ikawa himaya rasmi. Mimi naiita hiyo kampeni yake kubwa kuliko zote, na haikufyatuliwa hata risasi moja.

Mwaka huo huo Goldie wa Royal Niger Company akamwajiri akimbizane na Wafaransa kufika Nikki, Borgu, Benin ya leo. Alifika Novemba 1894, akapata karatasi, siku chache kabla ya Mfaransa Decoeur. Mfalme mwenyewe hakuonana naye. Walioweka alama ni wakubwa wake. Njiani kurudi akapigwa mshale wa sumu kichwani, akapona. (Mtu huyu na majeraha, sijui.) Kisha akaenda Ngamiland, Botswana ya leo, kwa kampuni nyingine, mpaka Chamberlain, Waziri wa Makoloni, alipomwita mwaka 1897 aunde kikosi cha West African Frontier Force.

Tarehe 1 Januari 1900, Lokoja, bendera ikapandishwa. Kapteni asiye na nauli sasa ni Kamishna Mkuu wa Nigeria ya Kaskazini. Nchi kubwa kuliko Uingereza yenyewe, maofisa wachache mno, ruzuku ndogo kutoka London, na sehemu kubwa ya "nchi yake" ni ya Khalifa wa Sokoto, ambaye hajamwomba chochote.

Oktoba 1902 afisa mmoja, Kapteni Moloney, akauawa Keffi, na muuaji akakimbilia Kano akapokewa vizuri. Hiyo ikatosha. Februari 1903 kikosi cha Morland kikaingia Kano, mji wenye kuta ambazo Wazungu wenyewe walizistaajabia, wakati emir, mtawala wake, hayupo. Machi ikaanguka Sokoto. London walikuwa hawajaafiki. Walipata habari mambo yakiwa tayari yanatembea. Baadaye Lugard akaeleza kwamba Khalifa alikuwa ameandika barua ya kutangaza vita, na juu ya barua hiyo wanahistoria wamebishana mpaka wamechoka. Khalifa Attahiru alihama na maelfu ya wafuasi kuelekea mashariki, akauawa Burmi Julai 1903.

Pale Sokoto Lugard akahutubia: Wafulani waliichukua nchi hii kwa upanga, sasa wameipoteza kwa upanga, haki ya kuteua emir na kutoza kodi ni ya Waingereza. Kisha akamweka khalifa mwingine kwenye kiti kile kile.

---

Mstaarabu

Na hapo ndipo ulipoanza utawala usio wa moja kwa moja. Kubali kwamba ulikuwa na hekima. Mahakama za kadhi zilibaki, dini haikuguswa, wamisionari walizuiwa kuingia kwenye miji ya emir.

---

Mpekuzi wa Kale

Ulikuwa na hesabu, mkuu. Huna watu, huna fedha, unafanyaje? Unamwacha emir akusanye kodi, sehemu inakwenda serikalini, sehemu inabaki baitulmali ya emir kulipia watumishi wake. Emir akikataa, unaye binamu yake tayari. Baadaye Lugard akayaandika hayo kama falsafa, na mwaka 1922 akatoa kitabu kilichosomwa na kila bwana shauri. Mwanzo wake lakini ulikuwa ufukara wa bajeti.

Na hekima hiyo ilikuwa na meno. Mwaka 1906 wanakijiji wa Satiru, karibu na Sokoto, wakiongozwa na walimu wao wa dini, waliasi, wakaua maofisa na askari. Wiki chache baadaye kikosi kikarudi na wapanda farasi wa khalifa wa Sokoto mwenyewe. Waliokufa walikuwa kama 2,000, watu wenye majembe na mishale, kijiji kikasawazishwa. Hata Winston Churchill, akiwa kijana Wizara ya Makoloni, alikasirishwa na umwagaji damu wa aina hiyo. Mwaka huo huo Lugard akaacha kazi.

Mke wake lazima nimtaje. Flora Shaw, waliooana 1902, alikuwa mhariri wa mambo ya makoloni wa gazeti la The Times, na ndiye aliyependekeza jina "Nigeria" gazetini mwaka 1897. Fikirieni gavana ambaye mke wake amewahi kuandika maoni ya The Times kuhusu makoloni! Hali ya hewa ya Nigeria ilimshinda, na ndiyo sababu mojawapo Lugard akaleta mpango wa ajabu wa kutawala sehemu ya mwaka akiwa London. Watumishi wa Wizara waliuchukia kabisa.

Hong Kong (1907 hadi 1912) napita haraka. Alianzisha chuo kikuu, jiwe la msingi Machi 1910, fedha nyingi kutoka kwa tajiri Mparsi, Mody. Pengine ndicho kitu pekee alichojenga ambacho hakuna anayekilalamikia.

Kisha akarudi Nigeria, akaunganisha Kaskazini na Kusini tarehe 1 Januari 1914, Gavana Mkuu. Tatizo la kusini ni kwamba dawa ya Sokoto haikufaa. Abeokuta walikuwa na serikali yao wenyewe, akaiondolea uhuru. Ilipokuja kodi mwaka 1918, Waegba, wenyeji wa Abeokuta, wakang'oa reli, na askari waliotoka vitani wakaletwa kuwapiga. Waliuawa mamia. Na kwa Waigbo, ambao maamuzi yao yalikuwa ya mabaraza, machifu walikuwa watu waliopewa hati na serikali. Wanawake wa huko walikuja kuonyesha hasira yao mwaka 1929, Lugard akiwa ameshastaafu miaka kumi.

---

Mdadisi wa Newala

Swali. Huyu anatuhusu vipi sisi wa bara, Tanganyika? Hakuwahi kututawala.

---

Mpekuzi wa Kale

Swali zuri. Kwa njia mbili.

Kwanza, kuanzia 1922 mpaka 1936 alikaa Geneva kwenye Tume ya Kudumu ya Mamlaka ya Shirikisho la Mataifa, tume iliyopokea ripoti za kila mwaka za Tanganyika, na za Wabelgiji kuhusu Ruanda-Urundi. Yaani aliyeandika kanuni ndiye akawa mmoja wa wasahihishaji.

Pili, na hii ni kubwa zaidi, mwaka 1925 Tanganyika ikaletewa gavana Donald Cameron, aliyefanya kazi Nigeria tangu 1908. Mwaka 1926 ikatoka Sheria ya Mamlaka za Wenyeji, na hazina za wenyeji kwa mtindo uleule wa baitulmali ya Kano. Haya kwa mtani wangu Mhaya au Mchaga halikuwa gumu, watawala walikuwepo. Kusini kwenu, mkuu wa Newala, mabwana shauri walitembea kijiji hadi kijiji wakiuliza "chifu wenu nani?", na asipopatikana, akatafutwa.

---

Mdadisi wa Newala

Hahaa, kweli kabisa. Kwetu kulikuwa na wakubwa wa ukoo, kila mmoja na watu wake, hakuna aliyemwamuru mwenzake. Alipotokea mmoja ana karatasi ya serikali na karani wa kodi, ugomvi ukaanzia hapo.

---

Mstaarabu

Lakini uchifu huo ulifutwa 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru, na nchi haikutetereka. Nigeria ma-emir wapo mpaka leo na wana nguvu. Hilo nalo tujadili, Mpekuzi. Kwa nini sehemu moja mfumo ulishika mizizi na nyingine ukang'oka kama mhogo?

---

Mpekuzi wa Kale

Kwa sababu kule aliukuta umesimama. Dola ya Sokoto ilikuwa na karibu miaka mia, ina makadhi, makarani wanaojua kusoma na kuandika, kodi inayojulikana. Lugard aliketi juu yake tu. Hapa kwetu sehemu nyingi Wajerumani walikuwa wameshatawala kwa maakida, Maji Maji imepita, njaa imepita, vita vya kwanza vimepita, na machifu wa Cameron wengi walipata kama miaka 35 tu, wakifanya kazi zinazochukiwa: kodi, matuta ya lazima, kupunguza mifugo. TANU ilipokuja, mtu wa kijijini hakuhitaji kuelezwa chifu anamtumikia nani.

Lugard mwenyewe alifariki Abinger, Aprili 1945, akiwa Baron tangu 1928. Mwenye kisa cha babu yake kuteuliwa uchifu miaka ya ishirini na thelathini akilete hapa, hasa watu wa Lindi, Mtwara na Uzaramo.